Mwaka wa Kwanza Uingereza: Mwongozo Kamili wa Desturi, Mlo, Fedha, Mikosi na Sikukuu

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetoka Afrika Mashariki kwenda Uingereza kusoma, kufanya kazi au kuungana na familia yake, ambaye viza amekwisha kuipata na sasa anataka kujua maisha ya kila siku yanakwendaje. Humu nimeweka yale ambayo mwajiri au chuo hakitakueleza, kwa sababu wenyeji wameyazoea kiasi cha kutoona kwamba ni desturi. Mengi yana mzizi mmoja: Mwingereza hapendi kulazimishwa jambo na hapendi kumlazimisha mwenzake, kwa hiyo hutoa dalili ndogo, kisha hungoja uitambue. Anayejua dalili hizo hupata marafiki, na asiyezijua huweza kukaa miaka akidhani amezungukwa na watu baridi.

Jambo moja kabla ya hatua zenyewe. Nchi tunayoiita Uingereza ina sehemu nne, yaani England, Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini, na kila moja ina fahari yake. Usimwite Mskoti wala mtu wa Wales Mwingereza, hata kwa utani, mpaka mmezoeana sana.

Hatua ya kwanza: Salamu, foleni na hodi

Mtu aliyelelewa kwa shikamoo, habari za nyumbani na habari za tangu jana huziona salamu za kule kama dharau, nazo si dharau. Mfanyakazi mwenzako akipishana nawe kwenye ngazi na kusema "You alright?", haulizi afya yako. Mjibu "Yeah, you?" na uendelee na safari yako, maana yeye mwenyewe hatasimama. Ukianza kumweleza kwamba mgongo umekusumbua usiku kucha, atababaika, kwa kuwa umempa mzigo ambao hakuuomba. Mzee wa miaka 70 atakuambia umwite kwa jina lake la kwanza, nawe mwite hivyo ingawa ulimi utakuwa mzito; ukishindwa kabisa, tumia Mr au Mrs pamoja na jina la ukoo hadi akukataze mwenyewe. Mazungumzo na mtu usiyemjua yaanzie kwenye hali ya hewa. Akisema kuna baridi, kubali kwamba kuna baridi. Hakuombi maoni yako kuhusu tabianchi, anakufungulia mlango wa mazungumzo bila kuingia katika mambo yako. Mshahara, dini, umri na sababu ya mtu kutokuwa na watoto ni mambo yasiyoulizwa.

Foleni ni sheria isiyoandikwa. Septemba 2022, watu walipojipanga kando ya mto Thames ili kutoa heshima za mwisho kwa Malkia Elizabeth II, wengi walisimama zaidi ya saa 12, na aliyejaribu kupenya mbele angeaibika kuliko mwizi. Tafuta mwisho wa mstari, uliza kama ndio mwisho, acha nafasi ya hatua moja kati yako na aliye mbele, na usimshikie nafasi mtu ambaye hajafika. Katika vituo vya treni za chini ya ardhi vya London, simama upande wa kulia wa ngazi ya umeme ili wenye haraka wapite kushoto. Kwa kosa hili dogo hata mtu mpole atakukemea.

Kupiga hodi bila taarifa hakufanywi, hata kwa jirani mnayepatana. Tuma ujumbe kwanza. Mtu akikuambia "lazima uje kula kwetu siku moja", amesema neno la adabu tu, na mwaliko wenyewe huja pale anapotaja siku na saa. Akikualika saa moja na nusu jioni, fika kati ya saa hiyo na robo saa baadaye. Kuwahi ni kosa kubwa kuliko kuchelewa kidogo, kwa sababu utamkuta mwenyeji bado amevaa aproni. Beba chokoleti, maua au chupa ya kinywaji, na kesho yake tuma ujumbe wa shukrani. Usije na wageni wengine ambao hawakutajwa, kwa kuwa sahani zimehesabiwa.

Hatua ya pili: Fedha

Pauni moja ina peni 100, na imekuwa hivyo tangu 15 Februari 1971. Kabla ya hapo pauni ilikuwa shilingi 20 na kila shilingi peni 12, hesabu ambayo wazee wa Afrika Mashariki waliosoma enzi za ukoloni bado wanaikumbuka. Noti ni za pauni 5, 10, 20 na 50, na zote sasa ni za plastiki. Noti zenye picha ya Mfalme Charles III zilianza kutumika Juni 2024, lakini zile za Malkia zinaendelea kupokewa kama kawaida.

Hapa wageni wengi hukwama kwa namna moja. Shangazi au babu amekupa pauni alizozihifadhi sandukuni tangu aliporudi kutoka masomoni, nawe unafika dukani na muuzaji anakataa kuzipokea. Noti za karatasi za pauni 20 na 50 ziliacha kuwa fedha halali baada ya 30 Septemba 2022, na zile za 5 na 10 zilitangulia. Thamani yake haijapotea: Benki Kuu ya England hubadilisha noti zake za zamani bila ukomo wa miaka, ama kwa posta ama kwenye jengo lake la Threadneedle Street mjini London. Sarafu ya pauni moja iliyo duara nayo haipokewi madukani tangu Oktoba 2017, mahali pake pakachukuliwa na ile yenye pande 12.

Benki kadhaa za Uskoti na Ireland ya Kaskazini huchapisha noti zao wenyewe. Ni pauni zilezile, lakini muuzaji wa kusini mwa England huweza kuzigeuza mara mbili mbili na kuzikataa, na maduka ya kubadilishia fedha nje ya nchi huzikataa mara nyingi. Zitumie hukohuko kabla ya kusafiri.

Katika matumizi ya kila siku, kadi ndiyo njia kuu. Mabasi ya London hayapokei fedha taslimu tangu 2014. Unagusisha kadi kwenye kifaa karibu na dereva na kupita. Anayetoka nchi ya M-Pesa huona ajabu kwamba hawezi kumtumia muuza mboga fedha kwa simu, hasa akikumbuka kwamba M-Pesa yenyewe ilianza Kenya mwaka 2007 kwa ushirikiano wa Safaricom na Vodafone, kampuni ya Uingereza. Fungua akaunti ya benki katika majuma ya mwanzo, kwa kuwa mshahara, kodi ya pango na ankara za umeme zote hupitia humo. Ukipanga nyumba England, amana ya kawaida haipaswi kuzidi kodi ya majuma matano, na mwenye nyumba anatakiwa kuiweka katika mfuko wa ulinzi unaotambuliwa na serikali ndani ya siku 30. Omba hati ya uthibitisho kwa maandishi. Ukitazama televisheni wakati kipindi kinarushwa, hata kama ni kwa kompyuta, unahitaji leseni ya televisheni, na barua za kukukumbusha zitakufikia hata kama huna televisheni.

Bakshishi si ya kila mahali. Mkahawani, soma ankara kwanza: mara nyingi asilimia 10 hadi 12.5 imekwisha kuongezwa kama ada ya huduma, na hapo huhitaji kutoa tena. Bei za dukani hazipunguzwi kwa maneno. Kinachopunguza bei ni saa, kwa maana kuelekea jioni maduka makubwa hubandika stika za njano kwenye mkate, nyama na mboga zinazokaribia tarehe yake ya mwisho, na wanafunzi wenye akili huzijua saa hizo kuliko ratiba ya vipindi. Kumbuka pia kwamba katika England na Wales maduka makubwa hufunguliwa kwa saa sita tu siku ya Jumapili, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Anayesubiri Jumapili usiku kununua chakula cha wiki atarudi na biskuti za duka dogo.

Hatua ya tatu: Chai, mlo na pabu

Chai ya Uingereza haichemshwi pamoja na maziwa, wala haitiwi iliki na tangawizi. Weka mfuko wa chai kikombeni, mimina maji yanayochemka wakati huohuo, subiri dakika tatu au nne, toa mfuko, kisha tia maziwa kidogo ya baridi. Majani yaliyomo katika mifuko mingi hiyo yametoka Kenya, kwa hiyo rangi na ukali wake havitakuwa vigeni kwako. Kilicho kigeni ni zamu. Ofisini, anayesimama kujitengenezea chai huwauliza walio karibu naye kama wanataka, na hukumbuka nani anakunywa bila sukari na nani anataka maziwa mengi. Pokea mara ya kwanza na ya pili, lakini mara ya tatu usimame wewe. Hakuna atakayekuambia kwamba ni zamu yako, ila kila mmoja anajua.

Kaskazini mwa England chakula cha jioni huitwa chai, na chakula cha mchana huweza kuitwa dinner, jina ambalo watu wa kusini hulitumia kwa chakula cha usiku. Ukialikwa kwa jina la mlo, uliza saa.

Kiamsha kinywa kizima cha Kiingereza huwa na mayai, soseji, bekoni, maharagwe ya rojo la nyanya, uyoga, nyanya ya kukaanga na mkate, na pengine kipande cheusi ambacho ni soseji ya damu. Bekoni ni nyama ya nguruwe, na soseji za kawaida nazo ni hivyo hivyo, basi Mwislamu aagize mayai, maharagwe, uyoga na mkate, akieleza kwamba visikaangwe pamoja na nyama. Samaki na chipsi, chakula cha Ijumaa kwa desturi, nacho kina swali lake: maduka mengine, hasa ya kaskazini, hukaangia kwa mafuta ya ng'ombe. Uliza kabla hujalipa. Muuzaji atakuuliza kama unataka chumvi na siki. Kubali vyote viwili, maana chipsi bila siki ni nusu ya kazi. Katika miji mikubwa nyama halali hupatikana kwa urahisi, na unga wa sembe, mihogo na mchicha utavikuta katika maduka ya Waasia na Waafrika.

Mlo unaostahili kujifunza kuupika ni ule wa Jumapili mchana. Nyama nzima huokwa ovenini, pamoja na viazi, karoti na kabeji au mboga nyingine ya majani. Kila nyama ina mwenzake: ng'ombe kwa mchuzi mkali wa mzizi uitwao horseradish, kondoo kwa mchuzi wa mnanaa, nguruwe kwa rojo la tufaha. Pamoja na ng'ombe huletwa Yorkshire pudding, ambayo si kitindamlo bali ni andazi jepesi la mayai, unga na maziwa. Siri yake ni moto. Mafuta yawe yanafuka moshi kwenye chombo kabla hujamimina rojo, na mlango wa oveni usifunguliwe kwa dakika 20 za mwanzo, la sivyo litanywea. Viazi chemsha kwanza kwa dakika kama 10, mwaga maji, vitikise sufuriani mpaka kingo zichakae, ndipo uvitie katika mafuta ya moto. Kuchakaa huko ndiko kunakoleta ukoko, na ukoko ndio wanaougombea mezani. Mchuzi wa nyama humiminwa juu ya kila kitu mwishoni.

Pabu ni sebule ya mtaa zaidi kuliko kilabu cha pombe, na kutokunywa pombe hakukuzuii kwenda. Usikae mezani ukingoja mhudumu, kwani kinywaji huagizwa na kulipiwa kaunta. Hakuna mstari, lakini foleni ipo vichwani: kila mtu anajua nani alifika kabla yake, na mhudumu akikugeukia kabla ya zamu yako, mwonyeshe aliyetangulia. Usipunge noti wala kupiga mluzi. Mkiwa kundi, mnanunua kwa raundi. Mmoja huwanunulia wote, kisha mwingine, hadi mzunguko utimie. Anayekunywa soda hununua raundi nzima kama wengine, pamoja na bia zao. Anayekatazwa na dini yake kununua pombe aseme mapema kwamba atajilipia mwenyewe na abaki nje ya mzunguko, jambo linaloeleweka bila maswali. Ukitaka kuondoka mapema, nunua raundi ya kwanza au ya pili. Mtu aliyekunywa raundi nne na kutoweka kabla ya yake hukumbukwa kwa jambo hilo miaka mingi.

Hatua ya nne: Mikosi

Waingereza watakuambia kwamba hawaamini mikosi, kisha watagusa meza ya mbao mara tu baada ya kusema kwamba gari lao halijawahi kuharibika. Hutakiwi kuamini, unatakiwa tu usimtie mwenzako wasiwasi. Usifungue mwavuli ndani ya nyumba, usiweke viatu vipya juu ya meza, usipite chini ya ngazi iliyoegemezwa ukutani, na chumvi ikimwagika usishangae mtu akirusha kidogo nyuma ya bega lake la kushoto. Kioo kilichovunjika huhesabiwa nuksi ya miaka saba. Paka mweusi akikukatia njia, wengi wao hufurahi, kinyume cha nchi nyingi nyingine.

Ndege anayewasumbua ni magpie, wa jamii ya kunguru, mweusi kwa mweupe na mwenye mkia mrefu. Akionekana mmoja ni huzuni, wakiwa wawili ni furaha. Ndiyo maana utamwona mtu mzima aliyevaa suti akimpigia saluti ndege barabarani au akimuuliza hali ya mkewe, ili ionekane kwamba wako wawili. Bundi, ambaye kwetu akilia juu ya paa watu hawalali, kule ni ndege mpendwa wa vitabu vya watoto na kadi za salamu, kwa hiyo ukipewa kikombe chenye picha yake usidhani umerogwa.

Hatua ya tano: Kalenda

Tuanze na Septemba, wakati ambapo wanafunzi wengi hufika. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, na kuanzia hapo Dar es Salaam na Nairobi zinatangulia London kwa saa tatu. Jumapili ya mwisho ya Machi saa zinasogezwa mbele na tofauti inakuwa saa mbili. Mama akizoea kupigiwa simu saa tatu usiku kwa saa za nyumbani, wakati wa baridi utampigia saa kumi na mbili jioni kwa saa za kule, na wakati wa kiangazi saa moja. Giza la Desemba huingia kabla ya saa kumi na moja jioni. Nunua koti zito huko huko, si nyumbani.

Tarehe 31 Oktoba watoto hugonga milango wakiomba peremende, lakini kwa kawaida kwenye nyumba zilizoweka boga nje. Tarehe 5 Novemba ni usiku wa mioto na fataki, ukumbusho wa njama ya 1605 ambapo Guy Fawkes alikamatwa akiwa na mapipa 36 ya baruti chini ya Bunge. Milipuko itaendelea kwa siku kadhaa kabla na baada, na aliyekimbia vita aambiwe mapema ili asishtuke. Tarehe 11 Novemba, saa tano asubuhi, watu hunyamaza kwa dakika mbili kuwakumbuka waliokufa vitani, na kwa siku kadhaa kabla yake huvaa ua jekundu la poppy. Ukiwa dukani au ofisini wakati huo, simama kimya. Una haki kamili ya kulivaa ua hilo: vita vya 1914 hadi 1918 viliwachukua maelfu kwa maelfu ya askari na wapagazi wa Afrika Mashariki, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina la kikosi cha wapagazi hao, na majeshi ya Wajerumani huku kwetu hayakusalimu amri hadi 25 Novemba 1918.

Krismasi huanza kazini kwa kadi na chakula cha pamoja, na mara nyingi kwa mchezo wa kura ambapo kila mmoja humnunulia mwenzake zawadi ya siri kwa kiwango kilichopangwa. Usikizidishe, maana utawaaibisha wengine. Vipai vidogo vya msimu huo viitwavyo mince pie, licha ya jina lake la nyama, vina matunda makavu, ila huweza kuwa na pombe au mafuta ya mnyama. Siku yenyewe treni za kawaida hazisafiri na maduka makubwa hufungwa, basi chakula na usafiri viandaliwe tarehe 24. Mezani utakuta mrija wa karatasi kando ya sahani yako. Shika ncha moja, mpe jirani ncha ya pili, mvute. Utapasuka kwa mlio, na mwenye kipande kikubwa hupata kichezeo kidogo, fumbo la kijinga na taji la karatasi. Vaa taji hilo na usilivue kabla ya wenyeji. Saa tisa alasiri wengine huwasha televisheni kusikiliza hotuba ya Mfalme, desturi iliyoanzishwa redioni na George V mwaka 1932. Mapambo huondolewa ifikapo 5 au 6 Januari, na kuyaacha zaidi ya hapo ni mkosi.

Uskoti huutukuza Mwaka Mpya kuliko Krismasi, na tarehe 2 Januari nayo ni mapumziko. Mtu wa kwanza kuvuka kizingiti baada ya saa sita usiku anatakiwa awe mwanamume mwenye nywele nyeusi, aliyebeba makaa ya mawe, biskuti za siagi au whisky. Mwafrika aliye jirani hapo ana sifa zote za kuzaliwa nazo, kwa hiyo ukiombwa kutoka nje na kuingia tena, kubali, na usiende mikono mitupu. Tarehe 25 Januari Waskoti humkumbuka mshairi Robert Burns kwa haggis, yaani moyo, ini na mapafu ya kondoo vilivyopikwa na nafaka ya oti (oats). Aliyezoea supu ya utumbo haoni tatizo.

Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima ni siku ya chapati za maji, nyembamba, zikinyunyiziwa sukari na limau. Siku ya Mama kule huwa Jumapili ya nne ya Kwaresima, mara nyingi Machi, wakati Kenya na Tanzania husubiri Mei. Weka alama zote mbili. Utani wa tarehe 1 Aprili mwisho wake ni adhuhuri, na anayetania baada ya hapo ndiye mjinga. Mwaka wa kodi huanza 6 Aprili, basi kagua hati zako za mshahara kabla ya hapo, kwa sababu mfanyakazi mgeni huweza kukatwa kodi kupita kiasi katika miezi ya mwanzo na anayo haki ya kuidai.

Mei ina Jumatatu mbili za mapumziko, ya kwanza na ya mwisho. Jumatatu ya mwisho ya Agosti nayo ni mapumziko katika England, Wales na Ireland ya Kaskazini, siku ambayo mtaa wa Notting Hill mjini London hufurika watu wa kanivali iliyoanzishwa na jamii za Karibi katika miaka ya 1960. Baada ya Jumatatu hiyo England haina tena siku ya mapumziko ya umma hadi 25 Desemba, na wenzako wote wanalijua hilo. Kama unataka kwenda nyumbani Desemba, peleka ombi la likizo mwezi huohuo wa Agosti, kabla wenye watoto hawajazijaza tarehe zote.